Kinyago Kilekile, Tiketi Mpya

Mwaka 1978 John Carpenter alipotengeneza Halloween kwa dola 300,000 na ushei, kinyago cha muuaji wake kilinunuliwa dukani kwa takriban dola mbili. Kilikuwa na sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek. Kikapakwa rangi nyeupe, matundu ya macho yakapanuliwa, na Michael Myers akazaliwa. Katika kumbi za Marekani peke yake filamu hiyo ilikusanya takriban dola milioni 47, na tangu hapo mfululizo umefika filamu 13.

Hesabu hiyo ndiyo inayozifanya studio zisichoke kutengeneza filamu za muuaji mwenye kisu. Hazihitaji nyota ghali wala majumba ya kifahari, na mtazamaji huzifahamu kwa jina tu kabla hata ya kuona tangazo. Tatizo huanza sehemu ya pili, pale mtu aliyelipa ili ashtuke anapokuwa tayari anajua atashtushwa vipi. Je, mwendelezo unaweza kuurudisha mshtuko? Unaweza, na mauzo ya tiketi ya miaka 40 na zaidi yanaonyesha ni lini: pale watengenezaji wanapotambua ni kitu gani hasa watazamaji wamekuja kukifuata, wakakiacha salama, kisha wakathubutu kuvuruga vingine vyote.

Carpenter na mtayarishaji mwenzake Debra Hill walithubutu kupita kiasi. Katika Halloween III ya mwaka 1982 walimwondoa Michael kabisa, wakitaka kila toleo lilete hadithi mpya ya kutisha. Watu walikwenda kumwona muuaji wao, wakakuta hadithi ya kiwanda cha vinyago vyenye uchawi. Mapato ya Marekani yalikuwa takriban dola milioni 14, wakati sehemu ya pili ilikuwa imepata milioni 25. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na leo filamu hiyo ina wapenzi wake. Kosa lilikuwa kuliuza kwa jina ambalo tayari lilikuwa limewaahidi watu kitu kingine. Toleo la nne, mwaka 1988, lilitangaza kurudi kwa Michael Myers papo hapo kwenye jina lake.

Friday the 13th inatoa somo la upande wa pili. Katika filamu ya kwanza ya mwaka 1980 muuaji si Jason, anayejulikana na wengi; ni mama yake. Jason anashika kisu katika sehemu ya pili, na kinyago cha mpira wa magongo hakionekani mpaka sehemu ya tatu, mwaka 1982. Kwa maneno mengine, alama inayojulikana dunia nzima ililetwa na miendelezo. Lakini studio ya Paramount iliendelea kuchota kisima hichohicho, filamu nane katika miaka tisa, hadi ile ya mwaka 1989 ikaambulia takriban dola milioni 14 nchini Marekani, ilhali ya kwanza ilipata karibu milioni 40. Baadaye ukaja mgogoro wa hakimiliki kati ya mwandishi Victor Miller na upande wa mwongozaji Sean Cunningham. Miller alishinda katika mahakama ya rufaa mwaka 2021, kwa kutumia sheria ya Marekani inayomruhusu mtunzi kudai tena haki zake baada ya miaka 35. Hakuna filamu mpya ya Jason iliyoingia kumbini tangu mwaka 2009. Mfululizo umepumzika vya kutosha, ila zaidi kwa mgogoro wa kisheria na si kwa busara ya mtu.

Scream imefanya kazi ngumu zaidi na inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwongozaji Wes Craven na mwandishi Kevin Williamson walibuni mfumo ambao kinyago hubaki kilekile lakini anayekivaa hubadilika kila filamu. Kwa hiyo mtazamaji hulipia fumbo jipya kila mara, na watu wa kuwajali ni walewale walionusurika. Filamu ya mwaka 1996 ilipata takriban dola milioni 173 duniani; ya pili ilitoka mwaka mmoja tu baadaye na ikakaribia kiasi hichohicho, jambo adimu sana. Ya nne, mwaka 2011, iligharimu takriban milioni 40 na haikufika milioni 100. Kwa kuwa karibu nusu ya fedha za tiketi hubaki kwa wenye kumbi, hiyo si faida ya kujivunia.

Kisha mwaka 2023 Scream VI ikahamia New York bila Neve Campbell, nyota wa filamu za awali, aliyekataa malipo aliyoona hayalingani na thamani yake kwa mfululizo. Filamu ikapata takriban dola milioni 108 Marekani, kiasi ambacho hakuna Scream iliyotangulia iliyokifikia huko, ingawa bei ya tiketi nayo ilikuwa imepanda mno. Kizazi kipya kilikuwa kimeshika. Miezi michache baadaye kampuni ya utayarishaji ya Spyglass ilimwondoa mwigizaji mkuu wa kizazi hicho, Melissa Barrera, kwa sababu ya machapisho yake mitandaoni kuhusu vita vya Gaza, na mwigizaji mwenzake Jenna Ortega naye akawa hayumo. Filamu ya saba ikakabidhiwa Williamson, Campbell akarudishwa. Upya uliojengwa kwa filamu mbili zilizotangulia uliachwa njiani, na hilo ni hasara hata kama tiketi zitauzika.

Kurudisha sura za zamani peke yake hakutoshi, kama mwaka 2025 ulivyoonyesha waziwazi. I Know What You Did Last Summer iliwarudisha nyota wake wa zamani Jennifer Love Hewitt na Freddie Prinze Jr., ikapata zaidi kidogo ya dola milioni 60, karibu nusu ya mapato ya filamu ya mwaka 1997. Miezi miwili kabla yake Final Destination: Bloodlines, baada ya ukimya wa miaka 14, ilipita milioni 300. Ndani yake mauti yanaufuata ukoo mzima wa bibi aliyewahi kuyakwepa ujanani, na kwa badiliko hilo moja kila ajali ikawa msiba wa familia.

Anayefaidi uhuru kuliko wote ni Damien Leone, mwongozaji wa mfululizo wa Terrifier. Terrifier 2, iliyotoka mwaka 2022, ilitengenezwa kwa takriban dola 250,000, nyingi zikiwa michango ya mashabiki, ikachukua zaidi ya saa mbili bila mtu wa studio kudai ipunguzwe, na ikaingiza takriban milioni 15. Ya tatu, mwaka 2024, iligharimu takriban milioni 2, ikashika nafasi ya kwanza Marekani wikiendi yake ya ufunguzi na kukaribia milioni 90 duniani. Sehemu ya nne imeshatangazwa. Bajeti ikizidi kupanda, watakaoweka fedha watakuwa na sababu zaidi ya kutaka kiti katika chumba cha uhariri.