Ile dawa ya kuongeza hips, umeuliza ni dawa ya nini?

Tuseme ukweli, sis. Jana usiku ulikuwa TikTok, ukaona yule dem wa kiuno cha nyigu, kisha ukainuka ukasimama upande mbele ya kioo. Ukavuta tishati nyuma ikubane, ukajikagua. Usinidanganye, hata mimi hufanya hivyo.

Miaka mitatu iliyopita mimi nilienda mbali zaidi. Kuna ukurasa mmoja mtandaoni uliokuwa ukiniletea picha za "kabla na baada" kila nikishika simu. (Ukitazama picha moja kwa muda, simu inaona umependa, inakuletea nyingine kumi.) Nikatuma 1,800 kwa M-Pesa na jioni mtu wa boda akaniletea chupa. Dawa ya maji, tamu kama ile ya watoto. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, halafu ule vizuri.

Kula nilikula. Chapati nne na ndengu, na bado nachungulia sufuria. Lakini usingizi! Nililala kwa mat kutoka tao, nikapita steji yangu hadi mwisho wa laini, konda ndiye aliniamsha. Kazini nilisinzia mpaka bosi akaniuliza kama niko na mimba. Baada ya wiki sita kilo zilikuwa zimeongezeka, ndiyo, tumboni na mashavuni. Hips zilibaki pale pale.

Hapo ndipo nilisoma lebo. Cyproheptadine. Hii ni dawa ya mzio, ya watu wanaopiga chafya na kuwashwa. Njaa na usingizi ni athari zake tu, na hakuna dawa ya kumeza inayojua kupeleka mafuta kwa hips ikaruka tumbo. Dawa hiyo hiyo ndiyo imo ndani ya Apetamin, ambayo haijaidhinishwa Marekani wala Uingereza, na huko pia wasichana huinunua kwa njia za panya.

Sasa kuna watu watasema sisi ni wajinga. Hebu waangalie Fiji. Huko mwili mnene ulikuwa sifa, na mtu akikonda, jamaa zake waliingiwa na wasiwasi. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka wa 1995, na mtafiti Anne Becker wa Harvard akawahoji wasichana wa shule. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apunguze uzani. Alirudi 1998 akapata asilimia 11.3 wakifanya hivyo. Miaka mitatu tu ya vipindi kama Beverly Hills, 90210, na wakati huo hakuna simu mfukoni.

Wao angalau waliambiwa wakonde tu. Sisi tunaambiwa kiuno kikonde, hips zinone, na rangi iwe ya thao. Na kampuni zinajua. Mwaka wa 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilivuja, na humo watafiti wake wenyewe walikuwa wameandika kwamba asilimia 32 ya wasichana wa umri wa utineja walisema wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Hata Lupita Nyong'o alisimulia 2014 jinsi utotoni alivyokuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, hadi alipomwona mwanamitindo Alek Wek akisifiwa na weusi wake. Huyo ni Lupita!

Mimi niliacha kufuata kurasa kama arobaini siku moja. Zingine zimerudi kwa mlango wa nyuma, nazifukuza tena.

Juzi binti ya auntie yangu, yuko Form Three, alinitumia ujumbe akitaka namba ya yule muuzaji. Nilimpigia, nikamweleza yote: usingizi, mat, bosi, ile lebo. Alinyamaza kidogo.

"Lakini si uliongeza kilo?" akaniuliza.

Jumamosi anakuja kwangu. Ile chupa bado ninayo, nataka aisome mwenyewe.