Bei ya Usiku wa Jalidi: Mvinyo wa Ufaransa na Baridi ya Aprili

Katika biashara ya mvinyo nchini Ufaransa, hasara inayoogopwa zaidi haitokani na baridi kali ya Januari, mizabibu inapokuwa imelala na macho yake yamefungwa ndani ya magamba, bali hutokana na baridi ya Aprili, majira ya kuchipua yanapokuwa yamekwisha kuanza. Jicho lililolala huvumilia nyuzijoto 15 chini ya sifuri bila madhara makubwa, ilhali chipukizi bichi lililokwisha kukunjua majani mawili au matatu huungua likipatwa na nyuzi 2 tu chini ya sifuri kwa saa chache, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake huganda na kuharibu seli. Kinachoamua ukubwa wa hasara, kwa hiyo, ni tarehe ya baridi ikilinganishwa na hatua ambayo mmea umefikia, na pengo hilo la siku chache limezaa soko zima la mishumaa, mitambo, maji na bima, ambalo faida na mzigo wake havigawanyiki sawa hata kidogo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2021. Siku za mwisho za Machi joto lilivuka nyuzi 25 katika sehemu nyingi za nchi, mizabibu ikachipua kabla ya wakati wake. Juma moja baadaye hewa ya ncha ya kaskazini ilishuka kuelekea kusini, ikaja na upepo na theluji kwenye milima, na nyuma yake zikafuata usiku za anga tupu, zenye jalidi, kati ya tarehe 5 na 8 Aprili. Kuanzia Chablis na Jura, kupitia bonde la Loire na Bordeaux, hadi bonde la Rhône na Languedoc iliyo karibu na bahari ya Mediterania, wakulima waliamka na kukuta machipukizi yamegeuka rangi ya kahawia. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Julien Denormandie, alilitaja tukio hilo kuwa huenda ndilo janga kubwa kuliko yote la kilimo tangu karne hii ianze, na serikali ikaahidi msaada wa euro bilioni 1. Uzalishaji wa mvinyo wa mwaka huo ulishuka hadi hektolita zipatazo milioni 37, hektolita moja ikiwa ni lita 100, kutoka takriban milioni 46 za mwaka uliotangulia. Aprikoti za bonde la Rhône nazo ziliangamia kwa kiasi kikubwa, na makumi ya maelfu ya hekta za bitiruti za sukari zilibidi kupandwa upya.

Ili kuelewa kwa nini fedha nyingi zilizotumika kwa kinga katika usiku zile hazikuokoa mengi, ni lazima kutofautisha aina mbili za jalidi. Ya kwanza huletwa na upepo: hewa baridi husafirishwa kutoka mbali na kufunika eneo zima, bondeni na mlimani, kwa unene wa mamia ya mita, na hakuna tabaka la hewa yenye joto lililo karibu linaloweza kushushwa. Ya pili hutokea upepo ukitulia na anga likiwa tupu: ardhi hupoteza joto lake kwenda angani kwa sababu hakuna mawingu ya kulizuia, hewa iliyogusana na ardhi hupoa na kutuama mabondeni, huku hewa iliyo mita kumi au ishirini juu yake ikibaki na joto zaidi. Aina hii ya pili si ngeni hata kwa nchi za ikweta, kwani ndiyo iliyounguza majani ya chai katika nyanda za juu za Kericho na Nandi nchini Kenya mnamo Januari 2012. Wimbi la Aprili 2021 lilichanganya aina zote mbili, likaanza na upepo na kumalizikia katika utulivu, na mkulima aliyekuwa na kifaa cha aina moja tu alijikuta amejiandaa kwa nusu ya vita.

Feni kubwa zinazosimikwa juu ya minara ya mita kumi hivi, ambazo kila moja hugharimu makumi ya maelfu ya euro na kulinda hekta tano au zaidi kidogo, hufanya kazi ya kuvuta hewa ya juu yenye joto na kuichanganya na ile iliyotuama chini. Tabaka la juu lisipokuwepo, feni huzungusha baridi ileile, tena kwa kelele zinazowakosesha usingizi majirani wasio na shamba. Helikopta za kukodi hufuata kanuni hiyohiyo na zina kasoro hiyohiyo, zikiwa na nyongeza ya bei inayohesabiwa kwa saa. Mishumaa, yaani ndoo za bati zilizojazwa nta itokanayo na petroli, huongeza joto moja kwa moja na haitegemei sana tabaka la juu, lakini upepo ukivuma joto lake hupeperushwa kabla halijafaa kitu. Hekta moja huhitaji mishumaa 300 hadi 500 inayowaka kwa saa nane hivi, na kwa kuwa mmoja huuzwa kati ya euro 8 na 10, usiku mmoja mzima hugharimu kati ya euro 2,400 na 5,000 kwa hekta kabla ya kuhesabu ujira wa watu wa kuiwasha saa tisa za usiku. Wapo wanaochoma majani makavu yaliyoloweshwa ili moshi uzuie jua la alfajiri lisiyeyushe barafu kwa ghafla; mwaka 2021 moshi huo ulitanda juu ya bonde la Rhône na kuchafua hewa ya wakazi wa mijini ambao hawakujua umetoka wapi.

Njia iliyo bora kitaalamu ndiyo inayoonekana kuwa kinyume cha akili, nayo ni kuinyunyizia mizabibu maji usiku kucha ili yagande juu yake. Maji yanapogeuka kuwa barafu hutoa joto, takriban kilojuli 334 kwa kila kilo, na maadamu maji mapya yanaendelea kuganda, chipukizi lililofunikwa hubaki karibu na sifuri na kunusurika. Masharti yake, hata hivyo, ni magumu: yanahitajika maji ya lita 30,000 au zaidi kwa hekta kwa kila saa, mfululizo hadi barafu ianze kuyeyuka asubuhi, na pampu ikizimika katikati ya usiku mmea uliolowa hupoa kuliko ambao haukunyunyiziwa kabisa. Chablis, iliyoanza kutafuta kinga baada ya jalidi za miaka ya 1950, ina ziwa la kuchimbwa huko Beine kwa ajili ya kazi hii. Uwekezaji wa namna hiyo hauwezi kubebwa na mkulima mmoja, wala hauwezi kuigwa mahali ambapo maji ya kiangazi yenyewe yanagombaniwa.

Hapo ndipo hesabu ya biashara inapoanza kuwatenganisha watu. Ikichukuliwa hekta inayotoa hektolita 50 za mvinyo wa kawaida unaouzwa bila kutiwa chupa kwa euro 90 kwa hektolita, mapato yake yote kwa mwaka ni euro 4,500, kiasi ambacho mishumaa ya usiku mmoja hadi miwili hukimaliza. Ikichukuliwa, kwa upande mwingine, hekta ya mvinyo wa Burgundy inayotoa hektolita 40, yaani chupa zipatazo 5,300 zinazouzwa euro 30 kila moja, mapato yanakaribia euro 160,000, na usiku tatu za mishumaa huwa ni gharama ambayo mwenye shamba hana sababu ya kuihoji. Soko la kinga, kwa maneno mengine, linauza usalama kwa wale ambao tayari wana faida, na wengine wote huachiwa kuangalia kipimajoto.

Wenye majina makubwa wana kinga nyingine isiyohitaji moto wala maji, nayo ni uwezo wa kungoja. Champagne nyingi hutengenezwa kwa kuchanganya mvinyo wa miaka mbalimbali, na wakulima wake huruhusiwa kuweka akiba ya miaka ya neema, hivyo mwaka 2021, ambapo jalidi na baadaye ukungu vilipunguza mavuno, akiba hiyo iliziba sehemu ya pengo. Chablis nayo ina utaratibu wa kisheria wa kuhifadhi kiasi kinachozidi kiwango cha kawaida katika mwaka mzuri na kukitoa katika mwaka mbaya. Uhaba wenyewe, tena, hupandisha bei: katika mnada wa hisani wa Hospices de Beaune wa Novemba 2021 mapipa yalikuwa machache mno kuliko ya mwaka uliotangulia, na wanunuzi wakashindana kwa bei zilizovunja rekodi. Mzalishaji wa mvinyo wa bei nafuu hana neema hiyo, kwa sababu mnunuzi wake, akikosa mzigo Languedoc, huupata Hispania au Italia.

Kwa wasioweza kununua kinga, jibu la serikali limekuwa bima. Kabla ya 2021 ni takriban theluthi moja tu ya eneo la mizabibu lililokuwa na bima ya hali ya hewa, na janga lile ndilo lililoharakisha sheria ya Machi 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Chini ya utaratibu huo, mkulima hubeba mwenyewe hasara ya hadi asilimia 20 ya mavuno. Kampuni ya bima hubeba sehemu inayofuata hadi asilimia 50 kwa mizabibu. Na hasara inayovuka hapo hubebwa zaidi na mfuko wa taifa, ambao humlipa asiye na bima chini ya nusu ya anachomlipa mwenye bima. Ada ya bima nayo hupewa ruzuku ya hadi asilimia 70. Kwenye karatasi ni mpango wa ukarimu.

Kasoro yake iko katika namna ya kupima mavuno ya kawaida. Hasara huhesabiwa kwa kulinganisha mavuno ya mwaka wa janga na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, au wa miaka mitano baada ya kuondoa mwaka bora na mwaka mbaya kuliko yote. Shamba lenye uwezo halisi wa hektolita 55 kwa hekta, lililopata 60, 55, 50, 25 na 20 kwa sababu ya jalidi mbili, huhesabiwa kuwa na wastani wa 43. Likipata 30 katika janga la tatu, baada ya kuondoa sehemu anayobeba mwenyewe, mkulima hulipwa thamani ya hektolita zipatazo 5, ilhali kwa uwezo halisi wa shamba angelipwa 14. Bima hupungua nguvu kadiri inavyohitajika zaidi, na Chablis, iliyopigwa na jalidi mwaka 2016, 2017 na tena 2021, inaijua hesabu hiyo vizuri. Paris haiwezi kuirekebisha peke yake, kwani kanuni ya wastani huo imo katika Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani na imerithiwa na Umoja wa Ulaya.

Sayansi nayo haimpi mtu faraja. Uchambuzi uliofanywa na wanasayansi wa mtandao wa World Weather Attribution kuhusu tukio la 2021 ulionyesha kwamba ongezeko la joto duniani limepunguza ukali wa baridi ya Aprili yenyewe, lakini limeharakisha uchipuaji kwa kasi kubwa zaidi, kiasi kwamba uwezekano wa jalidi kuikuta mizabibu ikiwa imechipua umeongezeka kwa takriban asilimia 60. Kupogoa kwa kuchelewa, ambako huahirisha uchipuaji kwa siku kadhaa, ni njia isiyohitaji mtaji, ingawa hakuna shamba kubwa lenye vibarua wa kutosha kupogoa mizabibu yote katika juma la mwisho la Machi. Ruzuku ya ada, kwa ukubwa wake wote, haitawaokoa wazalishaji wa mvinyo wa bei ya chini maadamu mavuno yao ya kawaida yanapimwa kwa miaka ambayo jalidi imekwisha kuyaharibu. Kanuni ya wastani ndiyo inayopaswa kubadilishwa kwanza, na mahali pa kuibadilisha ni Geneva na Brussels.