Je, Wajua kwa Nini Breki ya Nyuma ya Pikipiki Hukamata?

Je, wajua kwamba pikipiki iliyobeba dereva na abiria mmoja, ikitoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa hadi kusimama, hutoa joto la kutosha kuchemsha kikombe kidogo cha maji? Mwendo haupotei bure, bali breki huugeuza kuwa joto. Kwa kusimama mara moja hakuna shida, maana upepo hulipunguza joto hilo. Lakini breki ya nyuma ikikamata na isiachie, joto huzalishwa njia nzima. Dereva ataona pikipiki imekuwa nzito, mafuta yanakwisha upesi na harufu ya kuungua inapanda. Mwisho wake gurudumu linaweza kugoma kabisa, pikipiki ikaserereka na abiria mgongoni.

Bodaboda nyingi za Afrika Mashariki, zikiwemo Bajaj Boxer na TVS zenye asili ya India, hutumia breki ya dramu nyuma. Breki hii ina umri mkubwa: Mfaransa Louis Renault ndiye anayetajwa kuiunda katika sura yake ya kisasa mwaka 1902. Honda ilipotoa CB750 mwaka 1969 ikiwa na breki ya diski mbele, wengi walidhani siku za dramu zimehesabika. Hazikuisha. Dramu ni ya bei nafuu, haihitaji mafuta ya breki, na imefunikwa, hivyo tope la barabara za vijijini haliifikii kirahisi. Ubaya wake ni kwamba maji na vumbi vikishapenya ndani, havitoki.

Dramu ni duara la chuma lililo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), nalo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake zimo breki shuu mbili za nusu duara, zimebebwa na sahani isiyozunguka. Ncha zao za upande mmoja zimeegemea pini. Kati ya ncha za upande wa pili imekaa kamu, yaani mhimili mfupi wa chuma ambao ncha yake imebapwa. Ukikanyaga pedeli, fimbo huvuta mkono mdogo ulio nje ya sahani, mkono huzungusha kamu, na kamu hutanua breki shuu mpaka zisugue dramu. Ukiinua mguu, springi mbili huzirudisha mahali pake.

Kuna jambo moja la ajabu humo ndani. Gurudumu likizunguka kwenda mbele, breki shuu moja huburutwa na dramu yenyewe na kujibana zaidi. Ndiyo maana breki hii hushika vizuri bila kukanyagwa kwa nguvu nyingi. Na ndiyo maana ikianza kukamata kidogo, haichelewi kukamata sana.

Mara nyingi chanzo ni ile kamu. Mhimili wake, wenye unene wa kidole tu, hupita kwenye tundu jembamba la sahani. Mvua, mito ya kuvuka na maji ya presha ya kuoshea pikipiki huondoa grisi, kisha kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo tundu hujaa na mhimili hukwama. Mguu wa dereva una nguvu za kuizungusha kamu iliyokauka, lakini springi hazina nguvu za kuirudisha. Hapo breki hushika na kusahau kuachia.

Kabla ya kufungua chochote, subiri habu ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi, kwa sababu chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, itoe kwenye gia, kisha legeza nati ya fimbo ya breki. Gurudumu likizunguka, breki ilikuwa imekazwa mno, au pedeli ndiyo imeganda kwenye egemeo lake. Lisipozunguka, sukuma kwa mkono ule mkono wa kamu uurudishe nyuma. Ukigoma, au ukienda kwa kusuasua, mgonjwa ni kamu.

Sasa toa gurudumu na uchomoe sahani. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Kunja breki shuu mbili kwa pamoja zitoke na springi zake. Weka alama kwenye mkono na kwenye mhimili ili urudishe ulivyokuta, kisha toa kamu. Isugue kwa msasa laini mpaka kutu iishe, safisha na tundu lake, halafu paka grisi ya kuhimili joto, kiasi kidogo tu, kwenye mhimili, kwenye uso wa kamu na kwenye pini. Grisi ikigusa breki shuu, hizo hazifai tena.

Pima pia unene wa tabaka la breki shuu linalosugua dramu. Ukiwa chini ya milimita 2, nunua mpya. Zikiisha, kamu hulazimika kuzunguka mno na inaweza kupitiliza isirudi. Ndiyo sababu pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa kamu na alama kwenye sahani: vikikutana breki imekanyagwa, breki shuu zimekwisha. Baadhi ya mafundi huuchomoa mkono na kuusogeza jino moja ili breki iendelee kushika. Usikubali, maana hapo mshale hautasema kweli tena.

Ukirudishia gurudumu, funga pia fimbo nyingine, ile inayoshikilia sahani isizunguke. Ikisahaulika, gurudumu litajifunga lenyewe barabarani. Kanyaga breki na uishikilie wakati nati ya ekseli inakazwa, ili breki shuu zikae katikati. Mwisho rekebisha pedeli iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika, kisha hakikisha taa ya breki inawaka.

Ndugu dereva, kila gurudumu la nyuma linapofunguliwa kwa ajili ya tairi, mwambie fundi aichomoe kamu na kuipaka grisi. Ni kazi ya dakika chache, na grisi yenyewe haifikii bei ya breki shuu mpya.