Ukarabati Haufuti Umri wa Nyumba

Jamaa zetu walioajiriwa au kufungua biashara huko Juja hununua nyumba kuukuu, wakazitia vigae, rangi na mabati mapya. Hayo ni mema. Lakini fomu ya bima inapouliza mwaka wa kujengwa, baadhi huandika mwaka wa ukarabati. Hapo ndipo penye hatari.

Mkataba wa bima umesimama juu ya uaminifu. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, Jaji Mansfield wa Uingereza alibainisha kuwa mwenye mali huyajua mambo asiyoyajua mtoa bima, hivyo hana budi kuyaeleza. Kanuni hiyo imerithiwa na sheria ya Kenya, na hata aliyechagua takaful hakusamehewa ukweli. Aliyeficha jambo zito huenda akanyimwa fidia siku anayoihitaji mno.

Basi taja miaka yote miwili: wa kujengwa na wa kukarabatiwa. Eleza kilichobadilishwa na kilichobaki. Mbele pengine ni mawe, na vyumba vya uani ni mbao au mabati, sema hivyo. Ikiwa paa ni jipya lakini nyaya za umeme ni zile za zamani, usiseme nyumba yote ni mpya. Na kwa kuwa Juja ni mji wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, wengi hupangisha vyumba kwa wanafunzi. Nyumba ya wapangaji si sawa na makao ya familia. Litaje hilo pia. Usilolijua, andika kwamba hulijui.

Liko na suala la thamani. Bima hulinda jengo, si kiwanja. Hesabu gharama ya kulijenga upya, si bei ya soko. Wala usipunguze ili ulipe kidogo. Nyumba ya shilingi milioni 6 ikikatiwa bima ya milioni 3, kisha moto ukaharibu mali ya milioni 1, mikataba mingi italipa nusu tu, yaani 500,000.

Hifadhi risiti za mafundi, piga picha, na uiarifu kampuni kila unapoongeza chumba. Ukidhulumiwa, IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, hupokea malalamiko. Lakini mlalamikaji mwenye nguvu ni yule ambaye fomu yake ilisema kweli.