Kamba Mgeni wa Maji Baridi: Manufaa na Madhara Yake

Mtu wa Kithyoko, huko Masinga katika Machakos, ateremkaye asubuhi kuteka maji katika lambo, ambalo Wakamba huliita silanga, iwapo atamwona huko mnyama mwekundu mwenye gamba gumu, magando mawili marefu mbele yake na mkia mpana nyuma, aghalabu atamdhani kuwa ni kaa, ilhali kaa wa mito yetu ni mviringo, na mkia wake mdogo umekunjwa chini ya tumbo hata usionekane. Kaa huyo ni mwenyeji tangu azali. Bali huyu wa pili ni kamba wa maji baridi, ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, na ambaye wataalamu wa elimu ya viumbe humwita Procambarus clarkii, na wengine kamba wa Louisiana. Bara zima la Afrika, kwa upana wake wote, halikujaaliwa hata jamii moja ya kamba wa namna hii. Ni kisiwa cha Bukini peke yake, yaani Madagaska, kilicho na wake wa asili. Basi popote aonekanapo katika mito na malambo ya bara, yafaa ijulikane kwamba chanzo cha kuwapo kwake ni mkono wa mwanadamu.

Katika Kenya habari zake mashuhuri zaidi ni za Ziwa Naivasha, ambamo alitiwa mwaka 1970 kwa nia ya kuanzisha biashara, na haikupita miaka mingi kabla nia hiyo haijatimia, kwa kuwa tangu mwaka 1975 alivuliwa kwa wingi na kupelekwa Ulaya, ambako Wasweden, kwa mfano, humpenda mno na humla kwa karamu kila mwezi wa Agosti. Nao Wasweden walikuwa na kamba wao wenyewe wa asili, lakini tangu mwaka 1907 waliangamizwa na maradhi ya ukungu yaliyotoka Marekani, ambayo kamba wa Marekani huyachukua mwilini wasidhurike nayo. Hivyo msiba wa nchi moja uliotokana na kiumbe mgeni ukawa sababu ya soko, na soko likawa sababu ya kuwapeleka wageni wengine katika maji ya mbali.

Ama madhara ya Naivasha hayakukawia kudhihirika. Yungiyungi za buluu zilizokuwa zimetanda kandokando ya ziwa, pamoja na majani yaotayo chini ya maji ambayo ni maficho ya vifaranga vya samaki na riziki ya ndege, yalikuwa yametoweka kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, na wataalamu waliolichunguza ziwa walimhesabu kamba huyu kuwa miongoni mwa sababu kubwa, hasa kwa kuwa alipopungua baadaye mimea hiyo ilianza kurejea. Wavuvi nao walipata hasara, maana alikuwa akiingia katika nyavu zao, akiwala samaki walionaswa na kuzikata nyuzi. Pamoja na hayo ni haki kusema kwamba alikuwa chakula cha samaki aina ya bass, ambaye naye ni mgeni katika ziwa hilo, na kwamba biashara yake iliwapa watu kazi. Wala mwenye kutafuta kweli hapaswi kulificha jema kwa ajili ya ovu.

Nguvu ya kiumbe huyu imo katika maumbile yake. Jike huchukua mayai mamia kwa mamia chini ya mkia wake, akayalinda hata yaanguliwe, na watoto hupevuka kwa miezi michache tu. Chakula hachagui: majani, konokono, wadudu, mayai ya samaki na mizoga, vyote kwake ni halali. Kiangazi kiingiapo na maji yakakauka, huchimba shimo katika udongo mpaka apate unyevu, akakaa humo akingoja mvua. Na usiku wa mvua huweza kutoka majini akatembea nchi kavu mpaka bwawa jingine. Katika nchi kama ya Masinga, ambako vijito vingi hutiririka kwa msimu tu, tabia hiyo humfaa sana yeye na hutudhuru sana sisi, kwa maana mashimo yale hudhoofisha kingo za udongo za malambo ambayo watu wameyachimba kwa jembe na jasho.

Hata hivyo iko hoja moja yenye uzito kwa watu wa Machakos, nayo ni ya kichocho. Maradhi haya yamekuwa mzigo wa siku nyingi katika jimbo hili, hata Kangundo pakawa mahali mashuhuri pa utafiti wake katika miaka ya 1980. Na vimelea vyake haviwezi kumfikia mwanadamu ila vipitie kwanza kwa konokono wa majini, ndipo vitoke na kuipenya ngozi ya mtoto aogaye au mama afuaye nguo. Kamba wa Louisiana huwala konokono hao pamoja na mayai yao, na hula pia majani wanayokaa. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, waliijaribu tadbiri hiyo katika malambo ya vijijini, na mwaka 1999 walitangaza kwamba pale kamba alipostakimu, konokono walipungua na maambukizo ya watoto yakapungua pia.

Je, basi, kila kijiji kijitafutie kamba wake? Rai yangu ni kwamba hasha. Jaribio la wataalamu lilifanywa katika madimbwi yaliyochaguliwa, tena kwa uangalizi, katika nchi ambayo kamba alikwisha kuenea. Lakini lambo la kawaida si chombo kilichofungwa. Masika ikizidi hufurika, na maji ya Masinga huelekea Mto Tana, ambao tangu mwaka 1981 umezuiliwa na bwawa kubwa la Masinga, kisha ukaendelea kupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hata ukafika baharini karibu na Kipini. Kiumbe aingiaye juu ya mto huo hana wa kumrudisha. Konokono tunaweza kuwapiga vita kwa njia nyingine, na mgonjwa ana dawa ya praziquantel, na kijiji kina vyoo na maji safi ya kuyapigania. Bali kamba aliyekwisha kuenea mtoni hana dawa.

Kwa hiyo, amwonaye asimchukue hai kwenda lambo la jirani, hata kwa nia njema. Anunuaye vifaranga vya samaki kwa ajili ya bwawa lake avikague kabla ya kuvimimina, kwani kamba mchanga hujificha kwa wepesi. Amtakaye kwa kitoweo ampike mpaka aive barabara, na aliyemwona mahali pasipojulikana kuwa na kamba ampashe habari afisa wa uvuvi mapema, angali mmoja au wawili. Kwa sababu katika jambo hili uwezo wetu wote uko kabla hajazaana, na baada ya hapo hatuna ila kuishi naye.