KWAYA SI KUBABAISHA, SOMA NOTA!

Huku kwetu Mlingotini sauti nzuri haitafutwi kwa tochi. Akina dada wanaofunga mwani maji yakikupwa wanaimba mpaka mpita njia anasimama. Lakini mchukue mmoja umpeleke kwaya ya mjini Bagamoyo, mpe karatasi ya nota, mwambie aimbe papo hapo kabla hajausikia wimbo. Kasheshe!

Wengi tunaimba kwa kudaka. Mwalimu anagusa kinanda, wewe unadaka, wiki mbili wimbo uko kichwani. Safi kabisa, ila mwalimu akihama kikazi kwaya nzima inabaki yatima. Kuna kwaya moja (siitaji, tunapanda nao daladala moja) iliitwa Dar kwenye harusi, nauli na posho vipo, nyimbo sita mpya, siku tisa tu. Waliokuwa wanasoma nota ni wanne. Wakaenda hao wanne, wakachanganywa na wenzao wa Dar. Waliobaki walinuna mwezi mzima.

Sasa basi, anza na solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu aliueneza mchungaji Mwingereza John Curwen karne ya 19, na wamisionari wakauleta Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo uliozaa "Mungu Ibariki Afrika" wetu, naye alitumia solfa hiyo hiyo. Utamu wake ni kwamba do inahama. Iwe do ni G au do ni F, umbali wa kutoka do hadi so ni uleule. Kwa hiyo usikariri sauti, kariri umbali: do-mi, do-so, do-la, kila unapokwenda kuchota maji. Majirani watakuzoea. Zile nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari kinakwambia vuta. Gonga mapigo mezani kwanza, sauti baadaye. Ukipotea usisimame, dakia mbele na wenzako.

Halafu lugha. Kilatini cha kanisani, "gn" ni "ny" yetu ya nyanya: Agnus unasema "Anyus". Pacem ni "pachem". Kiitaliano cha opera nacho kina a, e, i, o, u zilizotulia, si kama Kiingereza, kwa hiyo Mswahili anaanza mbele. Mtego uko kwenye konsonanti mbili: pena ni uchungu, penna ni kalamu. Na mkazo hauangukii silabi ya pili toka mwisho kila mara kama kwetu. Città, yaani mji, unabana mwishoni.

Opera ya Nabucco ya Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milan mwaka 1842, ina kwaya ya Waebrania walio utumwani wakilia kwa ajili ya kwao. Mtoto wa Bagamoyo, mji ulioona misafara ya watumwa, atashindwaje kuelewa kilio hicho? Ila aandike kwa penseli maana ya kila neno chini ya nota, ayaseme kwa mapigo, ndipo aimbe.

Jamaa mmoja wa besi, muuza pweza, amefanya hivyo miezi mitano. Karatasi zake zinanuka pweza, lakini anasoma! Jumamosi ana majaribio Dar. Nauli ya kwenda anayo, ya kurudi bado tunachanga.