Michezo na Tofauti za Kijamii: Alama za Mathare

Usawa wa uwanjani, yaani ule wa timu mbili kucheza kwa sheria moja na idadi moja ya wachezaji, hauwezi peke yake kupunguza tofauti za kijamii, kwa kuwa kipenga cha mwisho kikishalia kila mchezaji huirudia hali aliyotoka nayo nyumbani. Kinachoweza kuleta mabadiliko ni kanuni za kuendesha ligi yenyewe, na hapo ndipo chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, katika mtaa huo wa mabanda jijini Nairobi, kinapostahili kuchunguzwa.

Katika ligi za chama hicho, timu iliyoshinda mechi hupata alama 3, lakini timu iliyokamilisha kazi ya kuzoa taka na kuzibua mitaro hupewa alama 6, hivi kwamba timu dhaifu yenye bidii ya usafi huweza kuipita timu yenye vipaji iliyobweteka. Vijana wanaojitolea kuwa makocha au marefa nao hujikusanyia alama zao, na wanaofanya vizuri hulipiwa karo, fedha zikipelekwa shuleni moja kwa moja.

Wasichana walichelewa kuingizwa hadi mwaka 1992, na kikwazo chao hakikuwa ukosefu wa hamu, bali mgawanyo wa kazi za nyumbani, ambao huwatwika wao kuchota maji, kupika na kulea wadogo zao saa zile zile ambazo kaka zao wako uwanjani. Mpira mmoja zaidi haumpi msichana huyo saa moja zaidi.

Mwaka 2008 Mathare United, klabu iliyotokana na chama hicho, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Ushindi huo unastahili sifa, ingawa kombe ni kipimo hafifu cha usawa, maana hupima mafanikio ya wachache waliojaliwa vipaji. Lawama nzito zaidi, ambayo haijibiwi kwa makombe, ni kwamba watoto wa Mathare huzoa taka ili wapate alama, ilhali katika mitaa ya wenye nacho kazi hiyo hufanywa na watu wanaolipwa mshahara.